Je, tulitoka kwa makaku? Safari ya mababu wa kwanza wa binadamu, kutoka ziwa letu hadi Ishango

Siku moja kipindi chetu kilizungumzia mababu wa kwanza wa binadamu. Dakika kumi hazijaisha, simu zikaanza kuingia. Mzee mmoja wa Mulongwe ndiye aliyesema kwa uchungu zaidi: "Mwanangu, mimi nilizaliwa wakati wa Wabeleji. Walituitaka makaku. Sasa na redio yetu inatuambia tulitoka kwa makaku?" Akafuata mwanafunzi wa sekondari: "Kama ni kweli, juu ya nini makaku wa leo hawageuke watu?" Na mama mmoja muuza ndagala wa Kalundu akauliza swali lake: "Basi hapa kwetu, nani alifika wa kwanza?"

Saa ya kipindi iliisha kabla hatujajibu vizuri. Ndiyo sababu tumeandika ukurasa huu. Tutayachukua maswali yote matatu: la mzee na la mwanafunzi mwanzoni, la mama wa Kalundu mwishoni, kwani bila kujua safari yenyewe jibu lake halieleweki.

Makaku si babu yetu

Jibu la kwanza kwa mzee wetu ni hapana. Wanasayansi hawasemi kwamba mtu alizaliwa na makaku. Wanasema makaku, sokwe na mtu wana babu mmoja wa zamani sana, ambaye hayuko tena. Ni kama watoto wa ndugu. Mtoto wa baba yako mkubwa si baba yako, na wewe si mtoto wake. Mna babu mmoja, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Njia ya makaku na njia ya jamaa za sokwe ziliachana zaidi ya miaka milioni 25 iliyopita. Sehemu ya ushahidi huo haiko mbali na ziwa letu. Mwaka 2013 watafiti walitangaza mifupa iliyogeuka mawe kutoka bonde la Rukwa, Tanzania, upande wa kusini-mashariki wa Ziwa Tanganyika. Ina umri wa miaka milioni 25 hivi, na ndani yake kuko wa jamaa ya makaku na wa jamaa ya sokwe, tayari wametengana.

Jamaa zetu wa karibu zaidi ni sokwe mtu, yule ambaye hapa wengi wanamuita sokomutu, pamoja na bonobo. Njia yetu na yao ziliachana kati ya miaka milioni 6 na 8 iliyopita, kwa makadirio ya wengi. Gorila ni jamaa wa mbali kidogo zaidi. Kongo ni nchi pekee duniani ambamo jamaa hao watatu wote wanaishi porini: bonobo kusini mwa mto Kongo, sokwe mtu na gorila mpaka huku kwetu, Kahuzi-Biega na milima ya Itombwe.

Sasa kwa mwanafunzi wetu. Makaku wa leo hawageuki watu kwa sababu hawako nyuma yetu kwenye njia moja. Wana njia yao. Na kiumbe hakigeuki siku moja kwa kutaka. Watoto huzaliwa wakitofautiana kidogo. Wale ambao tofauti yao inawasaidia kupata chakula na kulea, ndio wanaoacha watoto wengi, na watoto wanarithi. Baada ya vizazi elfu na elfu, tofauti ndogo zinajikusanya.

Anayetaka kuona kazi hiyo atazame ziwani. Tanganyika ina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii moja, sikilidi, na karibu zote hazipatikani pengine popote. Wengine wanakwangua majani ya mawe, wengine wanameza wadogo, na kuko mmoja ambaye mdomo wake umepinda upande, wa kushoto ao wa kuume, kwani anaishi kwa kuiba magamba ya samaki wengine akiwajia kwa nyuma. Wote wametoka kwa mababu wachache, ndani ya maji haya haya.

Kuhusu imani, tuseme neno moja tu. Wengi wa wasikilizaji wetu ni watu wa kanisa ao wa msikiti. Wako waumini wanaoikataa habari hii, na wako wanaoipokea bila kuacha imani yao. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wanasayansi wa Vatikani kwamba mafundisho hayo sasa ni zaidi ya dhana tu. Sayansi inauliza mwili ulibadilika namna gani na lini. Swali la nani aliyetaka tuwepo linabaki la mhubiri na la dhamiri ya mtu.

Na lile tusi la ukoloni, mzee wetu? Lilikuwa uongo mara mbili. Makaku si babu wa mtu yeyote. Na mababu wa kweli, wale tutakaowaelezea hapa chini, walikuwa Waafrika, na ni mababu wa Mbelgiji sawasawa na wa Mkongomani.

Tuko upande gani wa Bonde la Ufa?

Ziwa Tanganyika liko ndani ya ufa. Ardhi ya Afrika inapasuka polepole, na mahali ilipozama maji yakajaa. Wataalamu wengi wanakadiria ziwa lilianza miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita. Kina chake kinafika mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Milima inayosimama nyuma ya Uvira ni ukingo wa ufa huo.

Miaka ya 1980 mtaalamu Mfaransa Yves Coppens alikuja na maelezo yaliyopendwa sana. Alisema ufa ndio uliotutenga: upande wa magharibi msitu ulibaki na mvua, na sokwe wakabaki humo, upande wa mashariki kukakauka, miti ikapungua, na mababu zetu wakalazimika kutembea kwa miguu miwili. Kwa maelezo hayo, Kenya, Tanzania na Ethiopia walipata watu wa kwanza, sisi wa Kongo tukapata sokwe.

Maelezo hayo yalianguka. Mwaka 1995 kundi la Michel Brunet lilipata nchini Chad taya la miaka milioni 3.5 hivi, kilomita 2,500 magharibi mwa ufa. Mwaka 2001, huko huko Chad, likapatikana fuvu lililopewa jina Toumaï, la miaka karibu milioni 7, ambalo ni moja la zamani kuliko yote katika ukoo wetu.

Halafu Kongo nayo ikaingia. Miaka ya 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango, katika parki ya Virunga, mahali mto Semliki unapotoka Ziwa Edouard. Vitu vilipelekwa Brussels. Miaka mingi baadaye watafiti wakavipitia upya, na kati ya meno wakakuta gego moja lisilofanana na ya wengine. Walilipiga picha za ndani kwa mashine, wakalilinganisha na meno mengine mengi. Mwaka 2014 wakaandika: gego hilo ni la babu wa zamani sana, na watu wa namna hiyo walikuwa wakiishi eneo lile miaka isiyopungua milioni 2 iliyopita. Jino moja tu, lakini lilitosha kubadilisha ramani.

Juu ya nini huku kwetu mifupa ni michache? Hapana kwa sababu watu hawakuwako. Udongo wa msitu una asidi, unakula mifupa. Miti inafunika ardhi, hakuna jangwa ambamo upepo unafunua fuvu. Na miaka thelathini ya vita haikuruhusu watu kwenda kuchimba. Asiyetafuta hapati.

Miguu ilitangulia, kichwa kikafuata

Watu wengi wanafikiri babu zetu walipata akili kwanza, ndipo wakasimama. Ilikuwa kinyume chake.

Laetoli, Tanzania, kundi la Mary Leakey lilikuta mwaka 1978 nyayo za watu zilizobaki kwenye majivu ya volkano yaliyolowa mvua kisha yakaganda. Zina miaka milioni 3.6 hivi. Kidole kikubwa kiko mbele sambamba na vingine, kisigino kimekandamiza vizuri, kama mtu anayetembea mchangani pale Kavimvira. Lakini waliozikanyaga walikuwa na ubongo mdogo. Lucy, aliyepatikana Ethiopia mwaka 1974, ni wa jamaa hiyo. Alikuwa na urefu wa mita moja na kidogo. Nyonga na magoti yake ni ya mtu wa kutembea, mikono bado ni mirefu ya kupanda miti, na ubongo wa jamaa yake haupiti sana ule wa sokwe mtu.

Tupime kwa kitu tunachokijua. Ubongo wa sokwe mtu ni kama santilita 40, zaidi kidogo ya nusu ya chupa kubwa ya bia ya santilita 72. Wa mtu wa leo ni karibu chupa mbili.

Kutembea kwa miguu miwili kuliacha mikono huru: kubeba mtoto, kubeba chakula, kushika kijiti. Lakini kulikuwa na bei. Nyonga ya mtembezi ni nyembamba, na kichwa cha mtoto kikaja kuwa kikubwa. Ndiyo maana kujifungua kwa mwanamke ni kugumu kuliko kwa sokwe, mtoto anajigeuza njiani, na karibu kila mahali duniani mama anahitaji mtu wa kumpokea mtoto. Mkunga ana mizizi ya zamani sana. Mtoto naye anazaliwa bado dhaifu. Anahitaji miaka mingi ya kubebwa, kulishwa na kufundishwa.

Mkono na jiwe

Hapa tuvuke ziwa. Julai 1960, siku chache baada ya uhuru wa Kongo, mwanamke kijana Mwingereza Jane Goodall alikuwa amekwama Kigoma. Safari yake ya Gombe ilicheleweshwa kwa sababu mji ulijaa Wabelgiji waliokimbia Kongo kwa kuvuka ziwa, na yeye na mama yake walisaidia kuwatengenezea mikate. Kisha akaenda Gombe, ng'ambo ya pwani yetu ya Fizi. Kabla mwaka haujaisha alimuona sokwe mtu akichukua kijiti, akitoa majani, akikiingiza kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Kabla ya hapo vitabu vilisema mtu pekee ndiye anayetengeneza vyombo.

Kwa hiyo chombo si mali yetu peke yetu. Tofauti iko katika jiwe lililopasuliwa ili lipate makali. Sokwe wa porini wanaponda mbegu kwa mawe, lakini hawachongi kisu. Mawe ya zamani zaidi yaliyochongwa yanatoka Lomekwi, Kenya, miaka milioni 3.3 iliyopita. Huku Kongo, kwenye Semliki ya juu, mahali panapoitwa Senga, watafiti wa miaka ya 1980 walikuta mawe yaliyochongwa ambayo waliyakadiria zaidi ya miaka milioni 2. Wenzao wengine wanabisha, wakisema huenda udongo ule ulihamishwa na maji. Ubishi huo ni sehemu ya kazi.

Jiwe lenye makali lilifungua nyama na mafuta ya ndani ya mifupa. Mtu asiye na meno ya simba akapata meno mkononi.

Mwili mrefu, jasho na chakula laini

Miaka milioni 2 hivi iliyopita akatokea babu mwenye mwili kama wetu, ambaye wataalamu wanamuita Homo erectus. Anayejulikana zaidi ni kijana wa Turkana, aliyepatikana mwaka 1984 na Mkenya Kamoya Kimeu. Aliishi miaka milioni 1.5 iliyopita, alikufa bado mtoto, na tayari alikuwa na urefu wa mita 1.60 hivi. Miguu mirefu, mikono mifupi: huyu hakuwa tena mtu wa kulala mitini.

Wataalamu wengi wanafikiri ni katika enzi hizo nywele za mwili zilipungua na jasho likaongezeka. Wanyama wengi wakifukuzwa saa sita ya mchana wanaanguka kwa joto. Mtu anatoka jasho, anapoa, anaendelea. Ngozi nyeusi ikamkinga na jua baada ya nywele kuondoka.

Ubongo ulikua pia, na ubongo una njaa: kwako wewe unayesoma sasa umekaa, unakula karibu sehemu 20 kwa mia ya nguvu zote za mwili. Nguvu hizo zilitoka wapi? Nyama ni jibu moja. Moto ni lingine. Katika pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, kuko alama za moto za miaka milioni 1. Richard Wrangham, aliyewahi kuwachunguza sokwe wa Gombe, anasema kupika ndiko kulikotufanya watu: chakula kilichopikwa kinatafunwa haraka na kinatoa nguvu nyingi. Anaweka mwanzo wa kupika mapema zaidi kuliko alama za moto zinavyoonyesha, na hapo wengine hawakubali. Lakini kila mama aliyetwanga na kuchemsha sombe anajua kwamba kuna vitu ambavyo bila moto si chakula. (Muhogo wenyewe, tuseme, mababu hao hawakuujua. Ulikuja kutoka Amerika kwa njia ya Wareno.)

Jibu la tatu ni bibi. Watafiti walioishi na Wahadza wa Tanzania waliona kwamba wanawake wazee, waliokwisha acha kuzaa, ndio wanaochimba mizizi kwa bidii na kulisha wajukuu. Sokwe jike hapati miaka hiyo mirefu baada ya kuzaa. Wengine wanaona hapo ndipo ulipoanza uzee wetu mrefu.

Na kuko fuvu moja la Dmanisi, nchi ya Georgia, la miaka milioni 1.77. Ni la mtu aliyepoteza meno yake karibu yote miaka kadhaa kabla ya kufa. Mfupa wa taya ulikwisha kujifunga. Aliishije bila meno, bila sufuria? Labda alijipondea mwenyewe chakula laini. Labda kuna mtu alimpondea. Hatuna njia ya kumuuliza, lakini swali lenyewe linatuambia tunatazama watu.

Magogo mawili ya Kalambo

Upande wa kusini kabisa wa ziwa letu, karibu kilomita 600 kutoka Uvira, mto Kalambo unaanguka mita 235 kwenye mpaka wa Zambia na Tanzania. Desmond Clark alianza kuchunguza hapo mwaka 1953. Kundi la Larry Barham lilirudi mwaka 2019, na Septemba 2023 likatangaza jambo lililoshangaza dunia.

Ni magogo mawili, moja limelazwa juu ya lingine, na la juu limechongwa kishimo ili likae imara. Alama za mawe ya kuchongea bado zinaonekana. Mti huoza, lakini hapo ulikuwa umelala ndani ya udongo uliolowa maji siku zote. Mchanga uliouzunguka ulipimwa kwa mwanga: punje za mchanga zinahifadhi alama ya mara ya mwisho zilipoona jua. Jibu likawa miaka isiyopungua 476,000.

Mtu wa namna yetu bado hakuwako wakati huo. Lakini kuna mtu alikaa karibu na maji, akaona ardhi inalowa, akachagua mti, akapima, akachonga, akaunganisha. Labda ilikuwa njia ya kupita juu ya matope, labda sakafu, labda msingi wa kibanda. Miaka hii ziwa lilipopanda na kuingia kwenye nyumba za kartiye za pwani, tuliona wenzetu wakitandika mbao na magunia ya mchanga ili wapite. Tatizo ni lile lile, na akili ni ile ile.

Wavuvi wa Semliki

Mtu wa namna yetu, Homo sapiens, anaonekana miaka 300,000 hivi iliyopita. Mifupa yake ya mapema imepatikana Jebel Irhoud, Moroko, na Omo, Ethiopia. Uso mdogo, kidevu, kichwa cha mviringo. Kwa muda mrefu wazungu walisema mwili huo ulizaliwa Afrika lakini akili ya kisasa, ya kutengeneza vitu vya ustadi, ilianza Ulaya miaka 40,000 iliyopita.

Kongo ilitoa jibu. Katanda, kwenye mto Semliki, Alison Brooks na John Yellen walichimba miaka ya 1980 wakapata mikuki ya kuvulia samaki, yaani machusa, ya mfupa, yenye meno yaliyochongwa kwa mpangilio. Mwaka 1995 walitangaza umri wake: miaka karibu 90,000. Pamoja nayo kulikuwa mifupa mingi ya kambale wakubwa. Kambale huja maji ya chini wakati wa kutaga. Inaonekana wavuvi wale walijua msimu, wakarudi kila mwaka kwa wakati wake. Kuko waliobisha umri huo, wakisema ni mkubwa mno kwa kazi nzuri namna hiyo. Baadaye vitu vya ustadi vya zamani hizo vilipatikana pia Afrika Kusini, na ubishi ukapungua nguvu.

Mvuvi wetu wa leo anajua mwezi ukiwa mkubwa ndagala haifuati taa, kwa hiyo anapumzika. Elimu ya namna hiyo haimo ndani ya damu. Inatoka mdomoni mwa mkubwa kwenda sikioni mwa mdogo. Aliyekaa Katanda miaka 90,000 iliyopita alikuwa na mwalimu.

Kilomita chache kutoka hapo, Ishango, de Heinzelin aliokota mwaka 1950 mfupa wa sentimita 10, wenye kipande cha jiwe gumu kwenye ncha na mistari iliyokatwa kwa makundi. Safu moja inasoma 11, 13, 17, 19. Nyingine 11, 21, 19, 9. Kila moja ya hizo jumla yake ni 60. Ya tatu jumla yake ni 48. Umri ni miaka 20,000 hivi. Wengine wanasema ni hesabu, wengine kalenda ya mwezi, wengine ni mistari ya kushikilia vizuri tu. Ni mmoja wa mifupa maarufu kuliko yote katika historia ya hesabu, na uko Brussels. Mtoto wa Kivu anayetaka kuuona anahitaji viza.

Basi, nani alifika wa kwanza?

Tunarudi kwa mama wa Kalundu. Swali lake tunalijua sote. Katika eneo letu, kuanzia bonde la Ruzizi hadi Fizi na kupanda milimani, watu wamekufa kwa sababu ya nani mwenyeji na nani mgeni. Hatutataja kabila hapa. Tutasema mambo matatu ambayo sayansi inayajua.

Jambo la kwanza: watu wote wa leo ni aina moja. Ukichukua watu wawili wowote duniani, maandishi ya ndani ya miili yao yanafanana karibu sehemu 99.9 kwa mia. Ngozi nyeupe ilienea Ulaya juzi tu, katika miaka 10,000 hivi iliyopita. Tofauti tunazozitazama usoni, urefu, pua, rangi, ni sehemu ndogo sana ya hiyo ndogo.

La pili: lugha za kibantu, ambazo ni ukoo wa Kiswahili tunachokisema, zilifika mashariki ya Kongo na wakulima wa miaka 3,000 hivi iliyopita, wakitoka upande wa Kameruni. Walikuta watu. Mababu wa Batwa na jamaa zao wa msituni walikuwa wamekwisha kaa katika misitu ya Afrika ya kati makumi elfu ya miaka. Kwa hiyo kama mtu anataka kushindana kwa kufika wa kwanza, ajue kwamba wenye haki ya kusema hivyo ndio tunaowaweka wa mwisho kwenye mstari.

La tatu: hata wao walikuta nyayo. Gego la Ishango ni la mtu asiye wa kabila lolote. Magogo ya Kalambo yalichongwa na watu ambao hata jina la aina yao hatulijui hakika. Kwenye pwani ya ziwa hili hakuna aliyechipuka kutoka ardhini. Wote tulikuja kwa miguu, tofauti ni siku tu.

Haya hayamalizi kesi ya shamba ao ya malisho. Hizo zina sheria na wazee wake. Lakini yanaondoa ile hoja ya kwamba damu fulani ni ya hapa na damu fulani si ya mtu kamili.

Ukikuta mfupa ao jiwe la ajabu

Vijana wanaochimba mchanga na kokoto kwenye mito Mulongwe na Kalimabenge, na ninyi mnaolima mabonde, huenda siku moja mtakutana na kitu.

– Kama ni mifupa ya watu, usidhani mara moja ni ya zamani. Ardhi yetu imezika watu wengi wa vita, na wengine walibebwa na mafuriko ya Aprili 2020. Simama, mwambie chefu wa kartiye. Kuko familia ambazo bado zinatafuta watu wao.
– Kama ni jiwe lililochongwa ao mfupa mzito uliogeuka jiwe, usiuoshe, usiuvunje, usiuuze. Piga picha kwa telefone ukiweka bic pembeni ili ukubwa uonekane.
– Andika mahali, kina na siku. Kitu kilichoondolewa mahali pake kinapoteza nusu ya maneno yake, kama lile gego la Ishango lililokaa sandukuni miaka mingi.
– Mwambie mwalimu wa historia ao wa biolojia. Kuko pia kituo cha utafiti cha Lwiro, karibu na Bukavu, ambacho kinakusanya mambo ya asili ya eneo letu tangu ukoloni.

Miaka kwa ufupi

– Milioni 25: makaku na jamaa za sokwe wamekwisha tengana (Rukwa)
– Milioni 7: Toumaï, Chad
– Milioni 3.6: nyayo za Laetoli, Tanzania
– Milioni 3.3: mawe ya kwanza yaliyochongwa, Lomekwi, Kenya
– Milioni 2: gego la Ishango, Kongo
– Milioni 1.5: kijana wa Turkana, Kenya
– 476,000: magogo ya Kalambo, kusini mwa Ziwa Tanganyika
– 300,000: Homo sapiens, Jebel Irhoud
– 90,000: machusa ya Katanda, Kongo
– 20,000: mfupa wenye mistari wa Ishango

Mzee wa Mulongwe tulimsomea haya kwa simu kabla ya kuyaweka hapa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kisha akauliza kama wale wavuvi wa Katanda walikuwa na nyavu. Tulimjibu kwamba nyavu huoza, kwa hiyo hakuna ajuaye. "Basi walikuwa nazo," akasema. "Mvuvi hawezi kukaa miaka yote hiyo na mkuki tu."